Mama Mvuke na Seti ya Vichanga

Watu wakisimulia habari za upasuaji, humtaja daktari. Wakizidi sana watamtaja na muuguzi. Aliyeosha mkasi hatajwi, wala sisemi hivyo kwa kulalamika, ndivyo ilivyo tangu zamani. Lakini mmoja nataka kumtaja, mwanamke aliyeosha vyombo vya upasuaji vya hospitali moja kwa miaka ishirini na mitatu, ambaye wenzake walimwita Mama Mvuke mpaka jina lake la kwenye faili likawa kama la mtu mwingine.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, chini ya ngazi, na kilikuwa na milango miwili. Wa kwanza viliingilia vyombo vichafu, bado vina damu ya mgonjwa. Wa pili vilitokea vikiwa safi, vimefungwa kitambaa cha kijani mara mbili na kubandikwa utepe unaogeuka rangi ukishaiva kwenye mvuke. Katikati palikuwa na masinki matatu, meza ya chuma, lenzi kubwa ya kukuzia yenye taa pembeni, na mashine mbili za mvuke zilizonguruma kama lori bovu. Joto la mle ndani usiseme. Mgeni akikaa robo saa tu anautafuta mlango kwa macho. Mama Mvuke alishinda humo tangu asubuhi mpaka saa kumi, akitoka uso umeloa chapachapa, na bado anasema leo palikuwa na nafuu.

Aliingia hospitali kama mfagiaji. Aliyemtoa kwenye ufagio ni muuguzi mmoja mzee, mkali kama pilipili, aliyemwona akifuta pembe za dirisha kwa ncha ya kijiti wakati wenzake walifuta katikati na kwenda zao. Muuguzi yule akamfundisha kazi yote: kuloweka, kufungua kila kiungo, kusugua, kusuuza, kukausha, kukagua kwenye lenzi, kufunga, kuivisha. Akampa na kanuni mbili za chumba kile. Ya kwanza, chombo kikishapita kwenye lenzi kinakwenda mbele tu, na kikirudishwa nyuma kwa sababu yoyote, hata kama ni kuanguka kwenye kitambaa safi, basi kinaanza safari upya na lenzi kinapitishwa tena. Ya pili haikuandikwa popote: mtu haandai vyombo vya ndugu yake. Akiumwa mtu wako, unamwachia mwenzako seti hiyo, unakwenda kukaa kwenye benchi na watu wengine.

Kwa nini, muuguzi hakusema. Wafanyakazi wa pale waliamini ni kwa ajili ya machozi, na Mama Mvuke mwenyewe alizoea kuwatania wageni kwamba machozi yana chumvi na chumvi ni adui wa chuma. Walicheka, wakaendelea kusugua. Muuguzi mzee alistaafu, akafariki, na kanuni zake zikabaki.

Miaka sita kabla ya habari hii, vyombo vya aina mpya vikafika. Vyembamba, virefu, mithili ya vijiti vya kufumia sweta, kila kimoja kikiwa na mdomo mdogo mwishoni: wa kubana, wa kukata, wa kushika uzi. Vilikuwa vya upasuaji wa matundu madogo, ambapo tumbo halipasuliwi bali linatobolewa vitundu vichache, linajazwa hewa, kamera inaingizwa, na daktari anafanya kazi akitazama kwenye skrini. Seti za watu wazima zilikuwa tatu. Ya vichanga ilikuwa moja tu. Vijiti vyake vilikuwa vyembamba kuliko penseli, na wafanyakazi wengine walikuwa wakiviogopa, kiungo kikidondoka kwenye sinki ni kukitafuta kwa kupapasa. Mama Mvuke ndiye aliyejifunza kuvifungua na kuvifunga, yeye na mwenzake mmoja.

Mpasuaji wa watoto, mtu mfupi asiye na maneno mengi, siku moja alishuka mwenyewe kwenye joto lile kumwonyesha kitu. Aliinua kijiti chenye ncha iliyopinda, wanachokiita ndoano, kilichovikwa ngozi nyeusi ya plastiki tangu mpini hadi karibu na ncha. Alimweleza kwamba umeme hupita ndani ya chuma kile ili ncha ikate na kuzuia damu, na ngozi nyeusi ndiyo inayouzuia usitoke njiani. Ikichubuka hata kidogo, umeme utatokea hapo hapo, utaunguza utumbo au mshipa, na yeye hataona, maana kamera inatazama mbele kwenye ncha. Mtoto atarudi wodini anacheka, siku ya tatu tumbo lina usaha. Tangu siku hiyo Mama Mvuke aliishika ndoano ile kama mtu aliyebeba yai.

Sasa tuje nyumbani kwake. Alikuwa na binti mmoja, na binti yake alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, waliyemwita Kibabu. Jina hilo la utani lilianza kwa mzaha, kwa sababu alizaliwa na mikunjo ya paji la uso, lakini mzaha ulikauka. Watoto wa wenzake mikunjo iliondoka wakanenepa. Yeye ilizidi. Alipofika miezi saba alikuwa na kilo nne na nusu, shingo kama bua, macho makubwa ya mtu aliyekwisha ona mengi.

Alikuwa anacheua. Majirani walisema kila mtoto anacheua, na walisema kweli, lakini si namna ile. Maziwa yaliyoingia yalipanda juu yote na ukali wa tumbo, yakimchoma koo, naye akajikunja mgongo akilia kwa sauti iliyokauka. Mara nyingine yalipotea njia yakaenda kwenye mapafu, na hapo alikuwa habadiliki hali tu bali na rangi, midomo ikiwa kama wino. Mara nne alilazwa kwa kifua. Walimpa dawa za kupunguza ukali, wakamkorogea maziwa mazito, wakapandisha kichwa cha kitanda. Wapi. Mama na bibi yake waligawana zamu za kumshika wima begani, saa baada ya saa, kwa sababu akilazwa chali tu anakabwa. Toka azaliwe Kibabu hakuwahi kulala mgongo ukiwa kitandani kama binadamu wengine.

Baba yake mtoto alifanya kazi mbali na alikuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ni wanawake wawili, kiti kimoja cha mikono, na mtoto mmoja begani. Bibi mtu alikuwa akisema na Kibabu kana kwamba wako rika moja, akimwuliza, mzee mwenzangu, leo tunaamkaje. Kibabu alimtazama tu. Na binti yake, ambaye zamani alikuwa na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, alikonda sambamba na mwanawe.

Mwishowe walimnywesha mtoto maziwa yenye dawa nyeupe kama chaki, wakampiga eksirei, na kila mtu akaona kwenye picha ule weupe ukishuka, ukitulia kidogo, kisha ukipanda mpaka shingoni. Mpasuaji akamweleza binti mambo kwa upole. Kile kizuizi kilichopo kati ya umio na tumbo kimelegea. Wataingia kwa vitundu vitano vidogo, wachukue sehemu ya juu ya tumbo, waizungushe kwenye mwisho wa umio kama mtu anavyojifunga skafu, waishone. Tumbo likijaa, skafu inabana, maziwa hayapandi. Wangeweza kumpasua kwa mkato mrefu, lakini kifua chake hakingestahimili maumivu ya jeraha kubwa. Na hata hivi, ni lazima iwe wiki hii. Daktari wa usingizi amemsikiliza, mapafu yamesafika kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Wiki ijayo nani ajuaye.

Ikapangwa Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Yule mwenzake Mama Mvuke anayeijua seti ya vichanga alikuwa likizo. Kwa kanuni, Mama Mvuke alipaswa kumwambia Msimamizi wa chumba cha upasuaji kwamba mtoto wa Alhamisi ni mjukuu wake, na Msimamizi angempa seti mfanyakazi mpya mwenye miezi mitatu kazini, aendelee kupapasa. Mtoto aliandikwa kwa jina la baba yake, na binti hakuwa na mazoea ya kumfuata mama yake kule chini. Hakuna aliyejua. Mama Mvuke akapiga kimya. Moyoni alijiambia hivi: miaka ishirini na mitatu nimewaoshea watoto wa watu, huyu wangu nimwachie nani?

Jumatano mchana aliosha. Alifungua kila kiungo, akasugua kwa brashi laini, akasuuza kwa maji yaliyochujwa, akakausha, akavipitisha kwenye lenzi kimoja kimoja. Vilikuwa safi. Vilikuwa safi kabisa, hilo nalisema kwa niaba yake. Akavipanga kwenye trei, akatia sahihi kikaratasi cha ndani, akaanza kukunja kitambaa.

Halafu mikono ikakataa. Aliona kama kuna kitu kimebaki kwenye ndoano, karibu na mkunjo, kivuli tu. Akafikiria kile kifua chembamba. Akakunjua kitambaa, akaichukua ndoano na kuirudisha sinki. Brashi laini akaiona kama haitoshi. Kwenye droo palikuwa na brashi za waya, za vyombo vya mifupa, misumeno na keekee. Akachana pakiti mpya, akasugua ndoano juu chini, juu chini, meno ameyauma, akisema na Kibabu kimoyomoyo. Akasuuza, akafuta, akairudisha kwenye trei. Lenzini hakurudi. Si alikwisha kagua? Sahihi si ipo? Akafunga, akabandika utepe, akaingiza kwenye mashine, na akaenda nyumbani akiwa na raha ya mtu aliyempa mpendwa wake kilicho bora.

Alhamisi asubuhi alisimama na binti yake mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji mpaka mtoto alipochukuliwa. Binti alimtoa Kibabu begani kwa shida, vidole havikutaka kuachia. Mama Mvuke akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi, akamwambia anashuka mara moja kuanza kazi na atarudi.

Kule chini alifungua maji kwenye sinki ya kwanza, akaona brashi ya waya aliyoiacha jana pembeni. Akaichukua aitupe kwenye maji ya dawa, na hapo jicho lake, lile jicho la miaka yote ile, likaona kitu katikati ya nyuzi za chuma. Kipande cheusi. Kidogo kuliko ukucha wa mtoto.

Akakitoa kwa kibano, akakiweka chini ya lenzi, akawasha taa. Plastiki. Upande mmoja umeng'aa, upande mwingine umekwaruzwa.

Nisiwafiche, alitafuta pa kutokea. Labda kimetoka kwenye chombo kingine. Lakini pakiti aliichana mwenyewe jana, na brashi ile haikugusa kitu kingine ila ndoano. Labda ni mkwaruzo mdogo hautadhuru. Lakini alikwisha ambiwa na mwenye kujua. Labda akinyamaza litapita. Na akisema? Seti ni moja. Watasimamisha, watamzindua mtoto, watasema wiki ijayo, na wiki ijayo kifua kitakuwa kimeshika tena. Binti yake ataketi tena kwenye kile kiti. Na kazi je, unga si umemwagika? Hilo la kazi lilipita kichwani likaondoka, nadhani ndilo lililomuuma kidogo kuliko yote.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini. Mama Mvuke akapanda ngazi mbio, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye goti bovu. Akavaa kofia na barakoa pale mlangoni, akavuka ule mstari mwekundu wa sakafuni ambao waosha vyombo hawauvuki, akasukuma mlango.

Taa zilikuwa zimepunguzwa ili skrini ionekane. Kwenye skrini palikuwa na ini, jekundu na laini, na pembeni yake kijiti cheusi chenye ncha iliyopinda, tayari kimefika mahali pake. Mguu wa mpasuaji ulikuwa kando ya pedali ya kuwashia umeme.

"Daktari, ndoano usiitumie," alisema. "Nimeichubua ngozi. Ni mimi."

Mpasuaji hakugeuka, aliurudisha mguu nyuma, kisha taratibu akaitoa ndoano kwenye kitundu na kumpa muuguzi. Wakaimulika. Katikati ya kijiti, mbali na ncha, palikuwa na jeraha la chuma kitupu, dogo mfano wa yai la chawa. Lingekaa juu ya utumbo.

Msimamizi, aliyekuwa amesimama ukutani, alimwuliza kwa sauti ya chini imekuwaje, yeye wa kukosea hivi, yeye wa kuwafundisha wenzake. Mama Mvuke akamjibu aliiosha mara ya pili kwa waya. Msimamizi akauliza kwa nini.

"Mtoto ni mjukuu wangu."

Msimamizi alifumba macho. Mpasuaji akamtazama daktari wa usingizi, akauliza kifua kinasemaje. Kinahimili, akajibiwa, lakini usikae sana. Mpasuaji akaomba mkasi mdogo na uzi mwembamba, akasema wataendelea bila umeme, kila kinachotoa damu kitafungwa kwa uzi, kimoja kimoja. Kisha, bado macho kwenye skrini, akamwambia Mama Mvuke aende akakae na binti yake.

Binti alimwona mama yake akitokea mlango ule usiotokewa na waosha vyombo, akasimama wima, uso umemtoka rangi, akidhani mtoto amekufa. Mama Mvuke akamwambia yu hai. Halafu akamkalisha, akamwambia yote, tangu kimya chake mpaka waya, bila kujipamba. Binti alisikiliza hadi mwisho. Akainuka, akaenda kukaa mwisho wa benchi, akiacha nafasi ya watu watatu katikati yao, na nafasi ile Mama Mvuke hakuthubutu kuipunguza.

Kazi ya saa moja na nusu ilichukua saa tatu. Watu walipita na ndoo, na machela, na faili. Mama Mvuke aliishika mikono yake miwili mapajani akiitazama, na kwa mara ya kwanza akaelewa yule muuguzi mzee alikuwa amekataza nini. Machozi hayakuwa na hatia. Mikono ndiyo iliyokuwa ikizidisha.

Mpasuaji alitoka barakoa ikining'inia sikio moja. Alimwambia binti imekwenda vizuri, skafu imeshonwa, mtoto anapumua mwenyewe. Alikuwa ameanza kuondoka, akageuka, akawatazama wote wawili.

"Ningekanyaga," alisema. "Angechelewa kidogo tu, ningekanyaga." Akaenda zake.

Msimamizi alimwita wiki iliyofuata, akampa barua. Hakumfukuza. Alimwambia angekaa kimya wasingekuwa wanazungumzia barua, wangezungumzia mahakama, lakini amevunja kanuni mbili za chumba chake mwenyewe, na seti za upasuaji hatazigusa tena. Akapelekwa chumba cha mashuka, kukunja na kupanga. Mama Mvuke hakubisha. Alikabidhi funguo za droo, akamwonyesha yule mfanyakazi mpya jinsi ya kufungua kiungo kidogo kuliko vyote cha seti ya vichanga, akarudia mara tatu, akatoka kwa mlango wa vyombo safi. Kwenye mashuka palikuwa na upepo mzuri na dirisha. Aliuchukia upepo ule kwa muda mrefu.

Kibabu alirudi nyumbani siku ya sita na plasta tano tumboni, ndogo kama za kukatwa na wembe. Mara ya kwanza walipomlaza chali, wanawake wote wawili waliinama juu yake mikono ikiwa tayari kumnyakua. Akapiga miayo. Akageuza kichwa, akalala. Walisimama hivyo mpaka migongo ikauma, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Lakini kitu kimoja kilikuwa kimebadilika nyumbani, na hakikusemwa. Zamani bibi ndiye aliyeosha chupa za maziwa. Sasa akiinyoosha tu mikono kuichukua chupa, binti yake aliifikia kwanza, kwa adabu zote, akasema acha Mama, nitaosha mwenyewe. Na akaosha mwenyewe. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Mama Mvuke alikunja mashuka mchana, jioni akakaa kwenye kiti kile cha mikono bila kitu mikononi. Hakumlaumu. Angekuwa yeye, angefanya vivyo hivyo, na hilo halikumpunguzia uchungu hata chembe.

Mwezi wa tatu Kibabu alifika kilo saba. Mikunjo ya paji ilikuwa imejaa nyama, ikapotea, na jina likaanza kumpwaya. Jumapili moja asubuhi alimaliza maziwa yote, akabaki na pumzi nzito za aliyeshiba, na bibi yake akamwuliza, mzee mwenzangu, leo tunaamkaje. Akacheka. Binti, ambaye alikuwa amesimama jikoni akiwatazama, naye akacheka, kile kicheko chake cha nyumba ya tatu, kikamshtua yeye mwenyewe. Akaja, akamchukua mtoto, na mkono wa pili akamnyooshea mama yake chupa tupu, na brashi yake laini ndani.

"Mama, nioshee hii," alisema.

Mama Mvuke alikwenda nayo kwenye sinki. Aliiosha polepole, shingo na kitako, akaisuuza, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha na kuizungusha. Ilikuwa safi. Mkono ukataka kuirudisha majini. Akauzuia, akafunga bomba, akaiweka chupa mezani ikauke.